Kiapo cha Pangoni

Jumatatu, 4 Agosti

Maji yamekuja alfajiri. Nimejaza pipa, mitungi, ndoo, sufuria kubwa ya harusi, hata birika. Hamadi amenikuta nimeshika birika chini ya bomba akacheka mpaka akakaa. Mume wangu ni fundi wa mabomba, na kwake mwenyewe maji huja kama mgeni wa heshima. Amenibusu kwenye paji la uso akaenda Mwatate kazini. Paji bado nalihisi. Ndoa tamu. Naandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma: tamu mno, na nashangaa watu waliooana wanavyopita barabarani na nyuso za kawaida.

Zainabu yuko nasi likizo yote. Dada yake Hamadi, kitinda mimba, miaka kumi na minne, gredi ya tisa. Mamamkwe alimleta kutoka Mbololo akasema bibi arusi hakai peke yake kwenye nyumba mpya. Mtoto mpole. Mcheshi akikuzoea. Ila simu. Anachambua mchele, simu iko gotini. Anaitazama anatabasamu. Leo nikajiambia, huyu ana mvulana.

Nikamuuliza. Akaona haya, halafu akanionyesha. Si mvulana. Ni hadithi.

Kundi la watu wanaandika hadithi moja kwa zamu, kila mmoja na mhusika wake. Wanaiita Ufalme wa Milima Saba. Zainabu ni Saliha, mlinzi wa chemchemi, mwenye miaka mia mbili. Jana ameandika: "Saliha akainama, na maji yakamjua." Nimeisoma tena na tena. Mtoto anayesahau kuzima gesi ndiye aliyeandika hivyo.

Nimeunguza mbaazi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeingia Milima Saba.

Nimekuwa Zafarani, mpishi wa kasri. Nilitaka kuwa binti mfalme, Zainabu akasema mabinti wafalme wamejaa. Mpishi hakuna. Watu wana vita, wana mazimwi, wana mapenzi, na hakuna anayekula. Nimewapikia pilau. Askari mmoja ameandika kwamba ameonja akamkumbuka mamake. Nimefurahi kama niliyeshinda kitu.

Hamadi amesikia akasema, "Umeolewa juzi tu, ushakwenda kupika kwa watu?" Nikamwambia huko nalipwa dhahabu. Akasema basi niwaulize kama wanahitaji fundi wa bomba la ile chemchemi. Nampenda mtu huyu. Nyusi zake zinapanda moja moja akitania.

Mambo ya kundi yananishangaza. Maisha yetu haya wanayaita "nyumbani". "Naenda nyumbani kidogo, narudi," maana yake mtu anakwenda kuosha vyombo. Mahali pa wote kusoma panaitwa uwanjani. Wawili wakitaka kuandika peke yao, kwenye ujumbe wa siri, wanasema wamekwenda pangoni. Kanuni ni mbili. Ya kwanza, lililoandikwa limeandikwa: hakuna kufuta. Ukitaka kubadilisha jambo, andika jingine juu yake, ndani ya hadithi. Ya pili, hakuna kuulizana mambo ya nyumbani. Si jina, si mji, si umri. Anayeuliza anatolewa. Malkia mwenyewe ndiye anayetoa. Malkia ndiye admini.

Kanuni hiyo ya pili inaniwasha. Kila nikisoma nataka kujua nani yuko nyuma. Yule askari wa pilau, je, ni mwalimu? Ni kinyozi? Ni bibi wa miaka sabini?

Ijumaa, 8 Agosti

Tumekula kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharagwe, nimekisonga mwenyewe kama mamamkwe alivyonifundisha. Hamadi ameongeza mara mbili bila kuombwa. Kidawida chake, lugha ya kwao, bado kinanishinda lakini chakula cha kwao nimekishika.

Kuna mmoja Milima Saba anaitwa Jemedari Tufani. Anaandika vizuri kuliko wote. Sentensi zake unazisikia mgongoni. Namwonea wivu. Amempenda Saliha, yaani mhusika wake amempenda mhusika wa Zainabu, na uwanja mzima unawashangilia. Nami nilishangilia. Mimi na mapenzi. Nilipeleka keki ya kasri.

Lakini sasa hawaandiki uwanjani. Wako pangoni siku nzima. Nimemuuliza Zainabu wanaandika nini huko. "Hadithi tu, wifi." Nikataka kusoma. Akageuza simu kifudifudi mkekani.

Nikasema, "Huyo Tufani ni nani nyumbani?"

"Hatuulizi."

"Hujawahi hata kukisia?"

"Wifi, hatuulizi."

Alikuwa anasema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kwa nini watu waweke kanuni kama hiyo? Nimeliwaza hilo swali nikifua mashati ya Hamadi, na mashati yote nimeyafua.

Jumapili, 10 Agosti

Mbololo kwa mamamkwe. Ndovu wameingia shamba la jirani tena, wamekula mahindi wakaacha ua umelala. Mamamkwe anahadithia kama anavyohadithia habari za mbuzi. Nami nimekaa pale mkekani nimevaa kanga mpya naona kila kitu kizuri, hata ua uliolala. Hamadi ameshikilia ngazi wajomba wakipaua, nikamtazama mpaka shangazi yake akanikoholea.

Kule hakuna mtandao. Zainabu akawa anapanda jiwe la nyuma ya nyumba na simu juu, anashuka, anapanda. Hamadi akamwita mnara. "Mnara wetu, leta chumvi." Watu wakacheka. Zainabu hakucheka. Hakula pia. Nimemfuata, nimemkuta analia.

"Atakasirika," akasema. "Nilimwambia nitakuwepo mchana."

"Nani?"

"Tufani."

"Atamkasirikia Saliha?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Halafu akasema ndiyo, Saliha. Lakini alichelewa kusema.

Nimerudi Voi kimya. Hamadi kauliza kama nimeumwa. Nikasema jua.

Jumanne, 12 Agosti

Jambo limetokea, sijui niliweke wapi.

Tufani ameniandikia. Mimi, mpishi. Pangoni. Kwanza akasifu chakula changu kwa yale maneno yake. Nikasisimka, naandika ukweli. Mwandishi mkubwa ananijua. Halafu akauliza: "Na nyumbani una umri gani, Zafarani? Nina hamu tu."

Nikashangaa. Yeye ndiye anayewakumbusha wageni kanuni ya pili. Nikajibu nina ishirini na tatu na nina mume.

Akaandika, "Hongera." Basi. Hakuendelea. Nimengoja hata neno la kuaga. Uwanjani yupo, anaandika na watu, lakini pangoni mwangu ameondoka kama mtu aliyeingia duka asilolitaka.

Kwanza nikamwona mwenye adabu. Ameheshimu ndoa ya watu. Nikaendelea kukuna nazi. Nazi ikafika katikati nikasimama. Mwenye adabu asingeuliza. Ameuliza kwa sababu anatafuta kitu, na akaona mimi sicho.

Amewauliza wangapi? Na Zainabu alimjibu nini?

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi Zainabu ameniomba ruhusa. Jumamosi anataka kwenda stesheni peke yake kumpokea rafiki yake wa shule anayeshuka na treni. Nikauliza rafiki gani. Akataja jina. Nikauliza kwa nini rafiki huyo asichukuliwe na wazazi wake. Akaanza kukunja ncha ya leso yake, anaikunja anaikunjua.

Nikasema, "Ni Tufani anayeshuka?"

Leso ikakunjwa tena.

"Zainabu. Ni yeye?"

Akasema, "Niapie kwanza. Niapie hutamwambia kaka. Wala mama."

Nusura niape. Ulimi ulikuwa tayari. Nilitaka aniamini, nilitaka kuwa wifi yule mzuri, wa hadithi. Nikasema siwezi kuapia kitu ambacho sijakisikia. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikasema kupitia mlangoni, "Jumamosi huendi stesheni. Hilo nakuambia sasa."

Kutwa nzima hakunijibu. Nimepika, hakula. Najilaumu na sijilaumu. Naogopa. Jumamosi iko karibu, na mtoto aliyenyamaza anaweza kutoka nyumbani asubuhi moja nikiwa bafuni.

Alhamisi, 14 Agosti

Amezungumza. Kidogo.

Nilikuwa nasuka nywele zangu mwenyewe, vibaya, akaja nyuma yangu akachukua kitana. Bila kuuona uso wangu akaweza kusema. Amesema hawezi kuniambia yaliyo pangoni kwa sababu Saliha ameapa. Tufani alimwapisha kwa chemchemi: yasemwayo pangoni yasitoke, na Saliha akiyatoa chemchemi inakauka, na ikikauka ufalme wote unakufa. Lililoandikwa limeandikwa. Akisema, atakuwa ameharibu hadithi ya kila mtu. Watu wameiandika miaka.

"Lakini unajua hakuna chemchemi," nikasema.

"Najua, wifi." Mkono ukasimama kichwani mwangu. "Lakini niliapa."

Nilitaka kucheka. Shukuru Mungu sikucheka. Kwa sababu mimi pia niliapa, si zamani, mbele ya watu, maneno machache tu, na mtu akija leo aniambie yale yalikuwa maneno tu nitampiga kofi. Namlalia mwanamume kifuani kwa ajili ya maneno machache. Nani aniambie kiapo si kitu?

Basi sikumwambia si kitu. Nikamwambia nimeelewa. Akamaliza kunisuka. Mistari imenyooka.

Kisha nikaenda uani na kumpigia Malkia. Namba ya admini iko wazi kundini. Nilitegemea mzee mmoja mwenye sauti nzito. Ni mwanamke, anaitwa Penina, anauza maharagwe na mahindi Njukini, upande wa Taveta. Nyuma yake nilisikia watu wakipatana bei.

Nikajitaja. Akafurahi. "Ah, mpishi wetu. Kumbe wewe ni mtu wa Voi."

Nikasema nina swali kuhusu Tufani. Sauti ikabadilika.

"Dada, huku hatuulizani. Unajua."

"Yeye ameniuliza mimi."

"Amekuuliza nini?"

"Umri. Na nilipomwambia nina mume, akaondoka."

Nikasikia anamwambia mteja angoje. Nikamwambia yaliyobaki: pango, kiapo, stesheni.

"Saliha ni mtoto?" akauliza.

"Gredi ya tisa."

Akasema yeye alidhani Saliha ni mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa akimwogopa kidogo, kwa uandishi ule. Akasema kanuni ya pili aliiweka kwa ajili yake mwenyewe. Mumewe alipofariki, sokoni hakuwa tena na jina, alikuwa mjane wa fulani, na kila anayenunua kikombe cha maharagwe anamwongezea pole. Akataka mahali pamoja asiulizwe kitu. "Nikafunga mlango ili mimi nipumzike," akasema. "Sikujua nimemfungia mtoto ndani na mtu."

Nikasema na mimi niliyapelekea keki mapenzi yao.

Akataka kumtoa Tufani palepale. Nikamwomba angoje kidogo. Akitolewa sasa, Zainabu atajua ni mimi, atafunga mlango moja kwa moja, na yule mtu bado ana namba yake. Kwanza mtoto aseme. Na asemeje, amefungwa na kiapo.

"Basi kivunjwe," Penina akasema.

"Hakifutwi. Kanuni yako."

"Hakifutwi. Lakini kinaandikwa juu yake."

Hapo ndipo nikakumbuka siku ya nikahi. Aliyetuozesha, kabla ya neno lolote, aliomba vitambulisho. Hamadi akadondosha chake, kikaingia chini ya mkeka, wanaume wazima wakapiga magoti wanakitafuta. Nilicheka chini ya mtandio. Hakuna kiapo mpaka ijulikane aliyeapa ni mtu mzima. Hilo kila mtu analijua nyumbani. Milima Saba walikataza kuulizana umri na wakaruhusu viapo.

Nikamwambia. Akasema, "Nitaandika kesho, mpishi. Na wewe uwe jikoni."

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika mambo yote kwa mpangilio, yasije yakanichanganya.

Baada ya swala ya Ijumaa Hamadi alirudi kazini. Mimi na Zainabu tulikuwa tunamenya viazi. Simu zetu zikalia pamoja. Uwanjani, Malkia ameitisha baraza.

Nikaandika kwamba Zafarani ameingia na sinia, ameliweka chini, hakuna aliyekula. Nikaandika kwamba mpishi amesikia kuna kiapo pangoni, na hajui ndani yake kuna nini wala hataki kujua, anauliza tu: je, aliyeapishwa aliulizwa umri?

Malkia akaandika. Nainakili hapa.

"Malkia akasimama. Akasema, ipo sheria iliyotangulia chemchemi, iliyochongwa kabla milima haijapewa majina. Kiapo cha mtoto hakimfungi mtoto. Kinamfunga mkubwa aliyekipokea. Mtoto akikitoa nje, chemchemi haikauki. Inajaa."

Zainabu ameacha kumenya. Kisu kiko mkononi, kiazi mkononi, anasoma.

Tufani akaandika haraka. Maneno yake mazuri hayakuwepo. "Sheria hii haikuwepo."

Malkia: "Sasa ipo. Imeandikwa."

Tufani akasema hii ni kuharibu hadithi, watu wanaleta mambo ya nyumbani uwanjani. Halafu yule askari wa pilau akaandika kwamba askari ameweka mkuki wake chini, mbele ya sheria. Mchunga nyuki mmoja akaweka fimbo yake. Mwingine. Mwingine. Hawakujua ni ya nini. Walidhani ni mchezo, na waliandika vizuri, na kila aliyeandika nilitamani kumpikia kweli.

Zainabu aliweka kiazi chini. Akafuta mikono kwenye dera. Akanipa simu yake mapajani, imefunguliwa pangoni, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwangu.

Nimesoma. Sitaandika humu alichoandika Tufani. Nitaandika tu jinsi alivyofanya, nisije nikasahau. Alianza ndani ya hadithi. Jemedari anamwomba Saliha alama ya uaminifu, ushungi, ua. Halafu Jemedari anataka picha ya uso, ili ajue Saliha anafananaje. Zainabu akapeleka moja, yuko na sare ya shule, anacheka. Halafu picha nyingine za namna nyingine. Zainabu hakupeleka. Kila mtoto alipokataa, hakukasirika Tufani, alikasirika Jemedari. Kila aliposema anaogopa, Saliha ndiye mwoga. Umri wa mtoto aliujua tangu wiki ya kwanza. Akamwambia yeye mwenyewe ana kumi na saba. Halafu treni, Jumamosi, na asije na mtu.

Nimemwendea Zainabu pale ngazini nikamkumbatia kwa nyuma. Akauliza, "Chemchemi imekauka?"

Nikasema, "Umeisoma mwenyewe. Imejaa."

Nikampigia Penina. Akasema alishahifadhi yote ya uwanjani. Dakika hiyohiyo akamtoa Tufani. Kwenye simu ya Zainabu tulimzuia, ila hatukufuta kitu. Nimepiga picha ya kila ukurasa wa pangoni, nimejitumia.

Kisha Hamadi. Zainabu aliniomba tena nisimwambie. Nikasema nitamwambia, na wewe utakuwa karibu yangu, na hatainuka mpaka nimalize. Sijui nilipata wapi sauti hiyo. Sijawahi kumwamrisha mume wangu kitu, zaidi ya kuvua viatu.

Alirudi, akaoga huku akiimba. Nikamketisha. Nikasema yote. Nilipofika kwenye habari ya stesheni aliinuka, nikasema, "Hamadi, sijamaliza." Akakaa. Nilipomaliza alitazama mkoba wake wa kazi, ile spana kubwa imetokeza. Akasema, "Kesho nitakuwa stesheni mimi."

Zainabu akajisogeza kwangu.

Nikamwambia, "Ukienda wewe na spana, kesho usiku nitaleta chakula selo, na yeye ataitwa aliyepigwa. Unataka hivyo?"

Akateremka kitini, mume wangu huyu, akakaa sakafuni karibu na dada yake, mabega yamegusana, akamwambia kitu kwa Kidawida. Sikukielewa. Zainabu akacheka, halafu akalia kilio kirefu cha mtoto mdogo. Nami nikalia. Viazi havikupikwa. Tulikula mkate.

Nilimwuliza Hamadi baadaye alimwambia nini. Amesema alimwambia ni mnara kweli, umeona adui mbali.

Sidhani Mungu alimwumba mtu huyu siku moja na wengine.

Jumamosi, 16 Agosti

Polisi, dawati la watoto. Watatu sisi, asubuhi mapema. Afisa ni mwanamke, hana sare, ana kikombe cha chai kilichopoa. Hakumwuliza Zainabu kwa nini alimjibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nimekunja ngumi. Aliuliza nini kilitokea, halafu nini, halafu nini. Akaandika. Akasema tumefanya vyema kutofuta. Akasema tusimwandikie mtu huyo hata herufi, tusijifanye Zainabu, tusimtege. Hiyo ni kazi yao.

Aliuliza hadithi yenyewe ni ya nini. Zainabu akamweleza. Milima, chemchemi, baraza. Kwa mara ya kwanza siku hizi sauti yake ikapanda. Afisa akasikiliza mpaka mwisho. "Sheria hiyo ya kiapo nani aliandika?" akauliza. Zainabu akasema Malkia na mpishi. Afisa akanitazama. Nilitazama sakafu.

Treni ilikuja, tuliisikia tukiwa pale ofisini. Baadaye afisa alipokea simu, akasema hakuna mtu aliyeonekana. Pengine kutolewa kundini kulimshtua. Namba yake wanayo, na namba ina mwenyewe.

Mchana tumekwenda Mbololo kumwambia mamamkwe. Niliogopa huko kuliko polisi. Aliisikiliza yote, akanyoosha mkono, akasema, "Lete hiyo simu." Zainabu akampa. Mamamkwe akaishika, akaigeuza, akamrudishia. Akasema, "Nilitaka tu kuiona inafananaje." Akaenda kumkamulia maziwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Hamadi amepigiwa simu akiwa kazini. Tufani amepatikana, mji mwingine. Mtu mzima, mwenye ajira, mwenye familia. Kumi na saba alikuwa nayo zamani sana.

Hamadi amekuja nyumbani mchana kuniambia, jambo asilolifanya kamwe. Ameambiwa jina. Akaniuliza kama nalitaka.

Nimewaza. Mimi niliyetaka kujua kila aliye nyuma ya kila jina, askari, mchunga nyuki, wote. Nikasema la. Likae kwako. Akaitikia kwa kichwa, akakaa nami dakika chache, ananuka gundi ya mabomba, akarudi kazini. Kuna mambo ya mume nilidhani ni maua na zawadi. Leo nimeona ni kubebewa jina nisilolitaka.

Penina ameandika uwanjani, si kama Malkia, kama Penina. Amesema anauza maharagwe Njukini na kwamba ufalme umekuwa na kosa. Kuanzia leo kila anayeingia anamwambia yeye umri wake, yeye peke yake, si uwanja. Walio chini ya kumi na nane wana uwanja wao, na hawaingii pangoni na mkubwa, na hadithi za mapenzi kati yao na wakubwa hakuna, hata kama mhusika ana miaka mia mbili. Watu wazima wawili watasoma yote. Ameniomba niwe mmoja. Nimekubali kabla hajamaliza.

Wengine wamekasirika. Wamesema mchezo umegeuka shule. Wametoka. Na baadhi walikuwa waandishi wazuri. Imeniuma. Na mtu akitoa umri wa uongo, tutajuaje? Penina anasema si kila mara tutajua. Tutasoma. Anayetafuta giza ataona taa imewashwa, pengine atapita.

Zainabu hajaandika kitu tangu Ijumaa. Simu anaiacha kwenye kabati. Sijamsukuma.

Alhamisi, 21 Agosti

Kutwa upepo. Nguo zimekauka upesi.

Asubuhi nilikuwa nasoma uwanja wa watoto, kazi yangu mpya. Wana vita na kasa mkubwa. Hawajui kuweka nukta. Kwa jinsi wanavyobishana nimewajua watatu kuwa ni ndugu.

Kisha yule mchunga nyuki, yule aliyeweka fimbo chini siku ya baraza, akaandika katikati ya vita. Nilikuwa nimemdhania mzee. Kumbe amehamia uwanja huu. Aliandika: "Mchunga nyuki anauliza. Ile sheria ya kiapo ni ya Saliha peke yake?"

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa na kasa wao.

Nilimsomea Zainabu. Alikuwa anakunja mashuka. Akaja akasoma mwenyewe juu ya bega langu. Nikamwambia nampigia Penina sasa hivi, aongee na huyo mtoto leo, na nyumbani kwao apatikane mkubwa wa kuaminika. Nikatoka uani kupiga simu.

Niliporudi alikuwa ameketi mahali pangu. Alikuwa ameitoa simu yake kabatini. Ameandika neno moja chini ya lile swali, kwa jina la Saliha.

"Yetu."

Halafu akarudi kwenye mashuka. Nikamshikia ncha nyingine.